Mwenye Kinu

Pembeni mwa Nakuru, juu kidogo ya barabara kuu inayotoka Nairobi, kuna kilima cha mawe kinachoitwa Hyrax Hill. Mwaka 1937 Mary Leakey alianza kuchimba pale, akafukua makaburi ya watu walioishi Bonde la Ufa muda mrefu kabla mji haujawazwa. Wanaume aliwakuta wamelazwa mikono mitupu. Wanawake walikuwa wamewekewa vyombo: sinia za mawe, mabakuli ya mawe, michi ya mawe. Mwaka uliofuata yeye na mumewe Louis wakachimba pango la Mto Njoro, si mbali na hapo. Huko maiti walichomwa moto kwanza, yapata miaka 3,000 iliyopita, wakazikwa na shanga, mabakuli, mawe ya kusagia na michi.

Wanaakiolojia wamebishana sana juu ya mabakuli hayo, kama yalikuwa ya chakula, ya rangi au ya shughuli za ibada. Ubishi huo nawaachia wenyewe. Kinachonikaa mimi kichwani ni kwamba mtu huzikwa na kilicho chake. Mwanamke wa Hyrax Hill hakuwa ameazimwa ule mchi uliolala naye. Ungekuwa wa kuazima, mwenyewe angeudai kabla ya udongo kumwagwa. Tangu niliposoma habari za makaburi hayo, kila ninapokutana na kinu au jiwe la kusagia hujiuliza ni cha nani, na kinachobaki baada ya kusaga huenda kwa nani.

Kusaga kumetangulia kulima. Kwenye pango la Ngalue, upande wa Msumbiji wa Ziwa Niassa, Julio Mercader wa Chuo Kikuu cha Calgary alikuta chembe za wanga wa mtama mwitu zimeganda kwenye zana za mawe zenye umri unaokaribia au kuzidi miaka 100,000. Alitangaza matokeo hayo mwaka 2009. Wapo wenzake wanaoshuku, wakisema wanga huweza kufika kwenye jiwe kwa njia nyingine, lakini hakuna anayeshuku jiwe la Ohalo, kando ya Ziwa la Galilaya, ambalo miaka 23,000 iliyopita lilisagiwa shayiri ya porini na watu ambao hawakuwa na shamba hata moja. Gharama ya kazi hiyo iliandikwa mwilini. Huko Abu Hureyra, Syria, kwenye kijiji cha wakulima wa mwanzo, Theya Molleson alichunguza mifupa ya wanawake akakuta vidole gumba vya miguu vimesagika kwenye viungo, magoti yameharibika na uti wa mgongo umechakaa kiunoni. Walipiga magoti mbele ya jiwe saa nyingi kila siku, miaka nenda miaka rudi, wakisukuma na kuvuta.

Jiwe na kinu mara nyingi hutajwa pamoja kama mapacha, na watu huchanganya kazi zao. Kinu huvua nafaka ganda. Jiwe huifanya unga. Ulezi ni punje ndogo mno, ukiutwanga unaruka au unakwepa mchi, kwa hiyo nyumba za ulezi, kuanzia Ufipa hadi Uluyia, ziliishi kwa jiwe. Mpunga hautaki jiwe hata kidogo: unataka kinu cha mti na mchi wa mti, ganda litoke na punje ibaki nzima, kisha ungo umalizie. Mtama huweza kupita kote kuwili. Mahindi, yaliyoletwa na Wareno kutoka Amerika, yalikuta vyombo vyote viwili vipo tayari, yakaingia bila kubisha hodi.

Yafuatilie mahindi siku moja uone. Yanalowanishwa kidogo, yanatiwa kinuni na kutwangwa hadi ngozi itoke; huko ndiko kukoboa. Yanapepetwa kwa ungo, pumba zinaruka mbele, punje zinabaki nyuma. Wakamba husimama hapo, wakapika muthokoi. Kusini mwa Tanzania wengi huendelea: punje zinalowekwa siku mbili tatu, zinaanikwa zikauke nusu, zinatwangwa tena, zinachekechwa, chenga zinarudi kinuni. Kupaaza ni kusaga juujuu, nafaka ipasuke tu. Kuponda, kufikicha, kupura, kupembua, kila kimoja kina mkono wake. Lugha iliyotenga vitenzi vingi namna hii kwa kazi moja ilitungwa na watu walioifanya.

Kitenzi cha jiwe chenyewe ni cha kale. Mganda husema okusa, Mnyarwanda gusya, Mkikuyu gũthĩa. Wote wamerithi kwa babu mmoja. Mnyarwanda hulipa kila jiwe jina lake: urusyo ni jiwe la chini lililo bapa, ingasire ni dogo la juu linaloshikwa kwa mikono miwili. Mjaluo, ambaye si wa ukoo huo wa lugha, ana pong' kwa jiwe na pany kwa kinu.

Jiwe hula kama linavyolisha. Likisagiwa kwa muda linakuwa laini, nafaka inateleza, na mwenye jiwe inambidi alidonoe upya kwa jiwe gumu zaidi ili lipate meno. Yale meno yanayokatika huenda kwenye unga. Ndiyo maana meno ya wazee wengi wa zamani yalikuwa mafupi na bapa: walitafuna jiwe lao polepole, uji baada ya uji.

Kinu nacho kilichongwa na fundi yuleyule aliyechonga ngoma, mara nyingi kwa mti uleule: mninga, mkongo, mkwaju. Gogo moja likikatwa mara mbili, kipande kimoja kiliwambwa ngozi na cha pili kikatiwa mtama, na vyote viwili vikapigwa. Wanawake wawili au watatu kwenye kinu kimoja wanahitaji mdundo, la sivyo michi itagongana na vidole vitaumia. Mmoja anapoteremsha, mwenzake anapandisha. Aliye stadi huuachia mchi hewani, akapiga kofi moja, akaudaka. Mdundo ukishakaa, wimbo unakuja wenyewe. Nchini Malawi nyimbo za kinuni zilikuwa na ruhusa ambayo mdomo mtupu hauna: mke angeweza kumsema mume, mama mkwe, hata bwana mkubwa wa serikali, na aliyesemwa akisikia huko barazani hana la kujibu, kwa sababu mtu anatwanga tu. Jijini Dar es Salaam bendi ya African Stars ilipojipa jina la Twanga Pepeta, kila mtu alielewa kiuno kinatakiwa kifanye nini.

Pwani kuna jiwe jingine dogo lisilohusiana na njaa. Msio ni kipande cha jiwe ambacho mwanamke hudondoshea maji, kisha akasugulia kijiti cha liwa, taratibu, mpaka ute wenye harufu ukusanyike wa kupaka usoni. Singo ya kumsugulia bibi harusi nayo hutwangwa, na anayeitwanga si mtu yeyote aliyepita njia. Hapo kutwanga ni heshima. Kazi hiyohiyo ya kusugua juu ya jiwe, ikiwa ya ugali ni mateso, ikiwa ya arusi ni fahari, na sijui kama mkono wenyewe unaona tofauti.

Waislamu wa pwani wameisikia habari ya mateso hayo darasani tangu utotoni. Bibi Fatuma, binti wa Mtume, alikwenda kwa baba yake kulalamikia jinsi jiwe la kusagia lilivyomwumiza mikono, akaomba mtumishi. Hakupewa mtumishi, yeye na mumewe Ali walifundishwa nyiradi za kusema wanapokwenda kulala, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Katika Torati, kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, la juu au la chini, kwa sababu anayelichukua amechukua uhai wa mtu. Mtunga sheria huyo alimjua mdai wake vizuri: ng'ombe sawa, lakini jiwe liache.

Neno kinu halikukaa kinuni tu. Zanzibar ya karne ya 19 ngamia aliyefungwa macho alizunguka kutwa akiendesha kinu cha kushindika mafuta ya ufuta. Mashine za mvuke zilipokuja zikaitwa vinu vya moshi. Leo redio ikitangaza kinu cha nyuklia hakuna anayecheka, na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukataa kinu cha aina hiyo kwenye ufuo wao. Chombo chochote kikubwa kinachoingiza kitu kimoja na kutoa kingine Mswahili amekiona kinu. Lakini kadiri neno lilivyokua, ndivyo mwenye kinu alivyobadilika.

Mabadiliko hayo yalianzia kwenye misafara. Mpagazi aliyebeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo alilipwa chakula chake cha siku, posho, na mara nyingi posho hiyo ilikuwa nafaka, au kitambaa na shanga za kununulia nafaka. Nani anaisaga? Wapagazi wengi walisafiri na wake zao, na jioni kambi ya msafara ilisikika kwa michi kabla haijaonekana kwa moto. Msafara bila wanawake ulikuwa msafara wa watu wanaotafuna mahindi ya kuchoma.

Jeshi la Waingereza halikulifahamu hilo lilipoanza kukusanya wanaume wa kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Hao ndio Carrier Corps, waliotuachia jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Walichukuliwa wanaume peke yao, wengine kutoka nchi za ndizi ambako mahindi hayakuwa chakula, wakapewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo na maganda yake ndani. Unga wa namna hiyo unataka kuni nyingi na moto wa muda mrefu. Mtu aliyetembea kutwa na mzigo kichwani, mvua inanyesha, kuni mbichi, aliula ukiwa nusu mbichi. Matumbo yaliharibika. Kwa hesabu rasmi pekee walikufa zaidi ya 40,000, na wengi mno hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu na maradhi mengine. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, aligombana na wakubwa wake juu ya chakula, na baadaye mambo yakarekebishwa kiasi. Sijasoma simulizi nyingine inayoonyesha kwa uchungu zaidi thamani ya kazi ya jiwe na kinu kuliko hii ya watu walioondolewa kwenye vyombo hivyo.

Amani iliporudi, mfumo uleule uliendelea bila bunduki. Mashamba ya mkonge ya Tanga, reli, bandari, migodi, vyote vilitaka wanaume na vikawaacha wanawake kijijini na mawe yao. Vibarua elfu moja kambini wanakula nini? Unga. Kwa mara ya kwanza unga ukawa kitu cha kununuliwa kwa magunia, na anayeuza unga anahitaji mashine. Kule Njoro, nchi ileile ya yale makaburi, mlowezi Lord Delamere alikuwa ameanzisha kampuni ya Unga Limited mwaka 1908. Jina hilo lilivuka mpaka, na leo Arusha kuna mtaa mzima unaoitwa Unga Limited, wenye wakazi wengi wasiojali kama liliwahi kuwa jina la kampuni. Neno posho nalo likahama: Kenya mashine ya mtaani inaitwa posho mill, na Uganda posho ni ugali wenyewe. Mshahara wa mpagazi umekuwa chakula cha shule.

Waafrika hawakukaa kutazama. Miaka ya 1920 na 1930, kwenye mito ya Kenya ya Kati, wafanyabiashara wa Kikuyu walijenga vinu vya maji, wakasaga mahindi ya majirani kwa malipo. Ilikuwa biashara ya kwanza ya maana kwa wengi wao. Ilikuwa pia, karibu yote, biashara ya wanaume. Mke aliyekuwa na ndĩrĩ, yaani kinu chake, na jiwe lake sasa alibeba debe hadi mtoni, akamlipa mwanaume kwa kazi ambayo jana aliifanya kwa chombo chake mwenyewe bila senti. Simlaumu. Ukimwuliza mwanamke yeyote aliyesaga ulezi wa watu kumi kwa mkono kama anataka kurudi kwenye jiwe, jitayarishe kutukanwa.

Tanzania ilifika kwenye swali la umiliki kwa kishindo. Siku chache baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, serikali ilitaifisha kampuni za kusaga nafaka. Miongoni mwake zilikuwa za familia ya Chande, Wahindi waliokulia kwenye biashara ya duka huko Bukene, Tabora. Andy Chande alinyang'anywa vinu vyake, kisha akaombwa na serikali ileile kuviendesha. Akakubali, akawa meneja mkuu wa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lililoundwa mwaka 1968. Mtu aliyekuwa bosi wa kinu akageuka mwajiriwa wa kinu hichohicho, na kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Sembe ya NMC ikafika hadi maduka ya vijijini, na ilipokosekana nchi nzima ilijua. Miaka ya uhaba, mahindi ya msaada yalikuja yakiwa ya njano, na unga wake ukaitwa Yanga, kwa rangi za klabu. Mashabiki wa Simba waliula vilevile.

Vijiji vya ujamaa navyo vilipata mashine, nyingine zikakabidhiwa vikundi vya akina mama. Kwa mara ya kwanza tangu vinu vya maji, chombo kikubwa kilirudi kwenye jina la mwanamke. Injini ya dizeli ilisikika kutoka kijiji cha pili, tu-tu-tu-tu, na mtoto alijua leo kuna mafuta. Mara nyingi hayakuwapo. Mkanda ukikatika, kipuri kiko Dar es Salaam. Dizeli ikiisha, kibali kiko wilayani. Jiwe la nyumbani halikuwa na haja ya kibali, ndiyo maana wengi hawakulitupa. Shirika lilipokufa na mageuzi ya uchumi, vinu vyake viliuzwa, kimojawapo kikanunuliwa na Said Salim Bakhresa, na unga ukarudi kwa wafanyabiashara.

Ukienda mashineni leo utakuta mbili zimesimama pamoja, ya kukoboa na ya kusaga. Anayetaka dona anapita kwenye moja. Anayetaka sembe nyeupe anapita kote na kulipia kote. Mimi ni mtu wa dona, na najua hilo halinipi marafiki kwenye arusi. Sembe ilichukua cheo cha unga uliotwangwa na kulowekwa siku tatu, unga wa wageni, bila mtu kutoka jasho. Kilichobaki kwenye sakafu ni pumba, pamoja na kiini cha punje ambamo vitamini nyingi zilikuwamo. Enzi ya kinu pumba zilikuwa za aliyetwanga: kuku wake, mbuzi wake, pombe yake. Mashineni, sehemu nyingi, mteja huondoka na unga na pumba zikabaki kwa mwenye mashine, ambaye huziuza kwa wafugaji kwa gunia.

Kinu cha mti kimepunguziwa kazi, hakijaachishwa. Karanga bado zinataka mchi. Kisamvu ndicho kimekishikilia kinu zaidi: majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi iliyofungwa ndani ya chembe zake, na kutwanga huzipasua chembe hizo, sumu ikafunguka ikapanda na mvuke wakati wa kuchemsha. Waliogundua hilo, kuanzia wapishi wa sombe ya Kongo na isombe ya Rwanda hadi matapa ya Msumbiji, hawakuwa na maabara. Sokoni siku hizi kisamvu kimeshasagwa, kinapimwa kwa mfuko, na muuzaji ana mashine ya mkono aliyoifunga kwenye meza.

Kutwanga kwa nguvu za mwili kumehamia kwenye dhahabu. Kanda ya Ziwa, kwenye machimbo ya Geita na jirani zake, wanawake waliketi kwa miaka wakiponda mawe ya dhahabu, kinu cha chuma katikati ya miguu, mchi wa chuma mkononi, vumbi la jiwe likiingia kifuani. Hakukuwa na wimbo, vumbi haliruhusu. Zikaja karasha, mashine zinazosaga jiwe kwa gololi za chuma hadi liwe kama unga, na kwa kweli wanauita unga. Mchimbaji anapeleka mifuko yake, anasagiwa, anaosha, anakamata dhahabu kwa zebaki, anaondoka na kipande chake kidogo cha kung'aa. Mabaki yaliyooshwa yanaitwa marudio. Zebaki haikamati dhahabu yote, na kila mtu pale anajua kwamba kwenye marudio imebaki nyingi. Mara nyingi marudio ni ya mwenye karasha. Hayo ndiyo malipo yake. Anayakusanya hadi yawe kichuguu, kisha anayapeleka kwenye matangi ya sayanidi kuchenjuliwa upya, na aliyeyatoa mwambani amesharudi shimoni.